T. rex hatoshei ten-by-ten

Kuna mashine ya pinboli inaitwa Jurassic Park, toleo la nyumbani, kutoka Stern Pinball ya Marekani. Niseme ukweli kabla hujaniuliza: sijawahi kuigusa. Nimeitazama YouTube usiku, bando ikikaribia kuisha, nikiwa kitandani hapa Soweto West. Kwa hivyo huu si uhakiki wa vidole. Ni uhakiki wa macho, na wa neno moja: nyumbani.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mpira wa chuma unateremka kwenye ubao ulioinama, na wewe una vibao vidogo tu vya kuupiga urudi juu. Ukiitikisa mashine kupita kiasi, inazima vibao na mpira unaenda. Hapo ndipo napenda pinboli. Huwezi kuushinda mteremko, unauchelewesha mpira tu. Dinosaria wanaingia vizuri kwa hesabu hiyo. Mwaka 1993, kwenye Jurassic Park ya Data East, T. rex alikuwa anainama na kuumeza mpira. Mwaka 2019 Stern wakatoa yao, kazi ya mbunifu Keith Elwin, na mchezaji akapewa jukumu la kuokoa wafanyakazi wa hifadhi. Hatari ilikuwa na sura.

Hizo zilitengenezwa pia kwa baa na kumbi za michezo, mahali unatia sarafu na watu wanakutazama. Toleo la nyumbani limepunguzwa: kasha jepesi, mambo machache ubaoni, bei ya chini kuliko ndugu zake, ingawa bado ni maelfu ya dola. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba halihitaji sarafu wala foleni.

Kibanda cha PS nilichokulia kilikuwa cha mabati, televisheni mbili, mechi moja ya FIFA bob kumi. Ukifungwa unasimama, wa nyuma anakaa. Wasee wanane wako mgongoni wanakukosoa, na hata mmoja wao hana bob. Ile kumi ndiyo ilifanya goli liume. Mchezo ambao unaweza kuurudia bure hadi asubuhi, bila shahidi, unakufundisha nini kuhusu kupoteza?

Nilitaka kumalizia hapo, nikimcheka tajiri anayecheza peke yake na dinosaria wa plastiki. Lakini kuna jambo. Mwaka nilioacha chuo, ndugu yangu mdogo alikuwa darasa la saba, na pesa ya unga ilikuwa inaishia kwa kibanda. Jioni moja mathe alimfuata huko. Akasimama mlangoni, hakupiga kelele. Alisema tu, "Cheza, baba, lakini cheza mahali nakuona."

Nyumba yetu ni futi kumi kwa kumi: kitanda, pazia, jiko, mitungi ya maji. Angechezea wapi? Alirudi kibandani wiki hiyo hiyo.

Kama mchezo, toleo hili limeng'olewa meno, na msimamo wangu haujabadilika. Lakini kinachouzwa hapo hasa ni chumba: mtoto anacheza, mamake anapika, na wanaonana. Hicho siwezi kukicheka. Mathe alikiomba, na hakuwa amewahi kusikia pinboli.