Shaba Inayoogeshwa

Huko Swamimalai, kando ya mto Kaveri katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, fundi anayeanza sanamu ya mungu hashiki rula. Hukata uchane wa jani la mnazi kwa urefu wa sanamu inayotakiwa, akaukunja na kuukunja tena mpaka mikunjo imwonyeshe uso uishie wapi, kitovu kikae wapi, goti lianzie wapi. Mafundi hao huitwa sthapati, na ufundi wao unatokana na wasubu shaba wa enzi za wafalme wa Chola, karne ya 9 hadi ya 13.

Sanamu huumbwa kwanza kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti. Nta haikatai kitu: ukucha, ushanga, pindo la nguo, vyote hukaa. Kisha hupakwa udongo wa mtoni uliochekechwa, tabaka la kwanza jepesi ili lipenye kila mfuo, na mengine mazito juu yake. Kalibu ikishakauka huchomwa. Nta huyeyuka ikatoka, na ndani unabaki uwazi wenye umbo la mungu. Humo ndimo humiminwa shaba iliyoyeyuka. Ikipoa, kalibu huvunjwa, na sanamu ya pili haitatoka humo kamwe. Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu kupita kiasi: mtu anaridhia kuipoteza kazi yake mara mbili, nta kwanza na udongo baadaye, ili shaba idumu miaka elfu.

Mtazame Nataraja, yaani mungu Shiva anayecheza ngoma. Mkono wa kulia wa nyuma umeshika kingoma ambacho mapigo yake ni uumbaji. Wa kushoto wa nyuma umebeba mwali unaoteketeza. Wa kulia wa mbele umeinuliwa, kiganja wazi: usiogope. Wa kushoto wa mbele umepita mbele ya kifua, ukielekeza kwenye mguu ulionyanyuliwa, kimbilio la mwabudu. Mguu mwingine umemkanyaga kibete Apasmara, ambaye ndiye ujinga; hauawi, anazuiwa tu asiinuke. Pete ya ndimi za moto imeuzunguka mwili. Katikati ya vishindo vyote hivyo, uso umetulia. Utulivu huo hunishangaza kuliko ile mikono minne.

Macho huchongwa mwisho. Yakishafunguliwa, na ibada ya kuitia uhai ikafanywa, sanamu si bidhaa tena. Huamshwa, huogeshwa kwa maziwa, asali na maji ya msandali, huvishwa hariri na maua, huandaliwa chakula. Zile za sikukuu zina matundu kwenye kitako ya kupitishia miti, zibebwe mabegani barabarani, hata asiyeweza kufika hekaluni amwone mungu wake naye aonwe. Sheria ya India humtambua mungu wa hekaluni kuwa na haki ya kumiliki mali. Mwaka 1991, mahakama ya rufani ya Uingereza ilikubali hekalu la Pathur lenyewe lidai Nataraja wake aliyefukuliwa mwaka 1976 na kuuzwa kimagendo. Akarudishwa India.

Ndiyo maana naona utunzaji ni sehemu ya uundaji. Majumbani, sanamu ndogo za shaba ya njano husuguliwa kwa ukwaju na majivu, kama masinia ya shaba huku kwetu Pwani, zikasuuzwa na kukaushwa hima, kwani tindikali ikibaki kwenye mikunjo huacha doa la kijani. Sanamu ndogo ya mungu Krishna iliyoogeshwa na vizazi vya akina mama pua yake hulainika ikakaribia kutoweka. Mchuuzi wa vitu vya kale ataihesabu hali hiyo kuwa kasoro. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake.

Ikiwa unayo moja, ya ibada au ya urithi, isafishe kwa kitambaa laini cha pamba. Msasa na brashi ya waya visiisogelee. Na ile ya kale, iliyokwisha kuiva rangi ya kahawia, usiing'arishe. Ifute vumbi tu.