Dago la Wanafunzi: Uhakiki wa Safari za Kujitolea Baharini

Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka thelathini pwani yetu imepokea wageni wa namna ya pekee. Si watalii kamili, wala si wataalamu kamili. Ni vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya Ulaya, ambao hujilipia gharama zao, hukaa kambini kwa majuma kadhaa, hufundishwa kuzamia kwa mtungi wa hewa, na kisha huhesabu samaki na kupima matumbawe. Siku ambazo hawazamii hushika kazi za kijijini: hufundisha Kiingereza, hupaka rangi madarasa, hupanda mikoko. Kwa hiyo safari moja hubeba mambo matatu, yaani uzamiaji, hifadhi ya viumbe na huduma kwa jamii.

Aghalabu safari hizi hujadiliwa kwa lugha ya sayansi au ya utalii. Makala haya yatazitazama kwa jicho lingine. Mtu anapoingia katika bahari ya wenzake haingii katika maji matupu. Anaingia katika majina, kazi, miiko na kumbukumbu za watu wanaoishi kwa bahari hiyo. Kwa sababu hiyo safari hizi ni tendo la utamaduni, na tendo la utamaduni laweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki hadithi au mchezo wa kuigiza. Yafaa tuulize: tendo hili lina maudhui gani, linasema kwa lugha gani, linamlenga nani, na linamwacha nani nje?

Dago kama kipimo

Uhakiki hauwezi kufanywa bila kipimo, na kipimo cha kazi hii tunacho nyumbani. Tangu zamani wavuvi wa pwani wamekuwa wakihama pamoja na majira ya kusi na kaskazi kufuata samaki. Hufika katika kijiji kisicho chao, hujenga vibanda vya makuti ufukweni, na hukaa huko mpaka majira yageuke. Kambi hiyo huitwa dago.

Dago lina adabu zake. Anayefika hujitambulisha kwa wenyeji kabla ya kutia wavu majini. Huuliza mwamba upi unavuliwa na upi umeachwa. Hununua na kuuza kijijini, huchangia katika shida na sherehe, na hukubali kwamba mwenye mji ndiye mwenye neno la mwisho. Si kwamba madago yote yamekuwa ya amani. Ugomvi juu ya nyavu na maeneo umetokea mara nyingi. Lakini hata ugomvi wenyewe waonyesha kuwa ipo sheria inayojulikana, na kwamba aliyeivunja anajua ameivunja.

Kambi ya wanafunzi wazamiaji nayo ni dago. Tofauti ni kwamba wavuvi huja kuvua samaki, na wanafunzi huja kuvua maarifa. Basi tuwapime kwa kipimo kilekile: wamefikaje, wamejifunza nini kwa wenyeji, na wameacha nini walipong'oa kambi.

Yaliyofanywa vyema

Mhakiki mwadilifu huanza na sifa inayostahili. Mwaka 1989 shirika la Frontier la London lilianza kupeleka vijana wa kujitolea katika kisiwa cha Mafia kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yao haikuwa mchezo. Mwanafunzi alijifunza kwanza kuzamia kwa usalama, kisha akajifunza kutambua aina za samaki na matumbawe, na ndipo aliporuhusiwa kuhesabu. Chini ya maji kamba ya kupimia ililazwa juu ya mwamba. Kijana akaifuata polepole huku akiandika kwa penseli katika kibao cha plastiki kila alichokiona.

Kazi ya namna hiyo, ikirudiwa mara nyingi na watu wengi, hujenga picha ambayo mtaalamu mmoja asingeweza kuijenga peke yake. Taarifa zilizokusanywa zilikuwa miongoni mwa zile zilizosaidia kupanga Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, ikatangazwa kuwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini Tanzania. Ilikuja wakati ambapo uvuvi wa baruti ulikuwa ukiibomoa miamba ambayo imejengwa na viumbe wadogo kwa karne nyingi.

Thamani ya kuhesabu ilidhihirika mwaka 1998. Mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi; matumbawe yakapauka, na mengi yakafa, Mafia ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Asiyejua mwamba ulivyokuwa jana hawezi kusema leo umepoteza nini. Kwa upande huu dago la wanafunzi lilileta faida ya kweli, na methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" ilipata mfano.

Lugha na majina

Hata hivyo, sifa hizo zisitufumbe macho. Kasoro ya kwanza na kubwa kuliko zote ni ya lugha. Kijana mgeni hufundishwa jina la Kilatini na la Kiingereza la kila samaki, naye hupewa mtihani wa majina hayo. Jina la Kiswahili, kama analijua, amelipata kwa mpishi au kwa nahodha wa mashua. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, huhifadhiwa mbali, na mvuvi aliyeongoza mashua hadi mwambani hutajwa katika ukurasa wa shukrani, na pengine hata hapo hatajwi kwa jina.

Wako watakaosema kwamba sayansi haina budi kuwa na lugha moja ya kimataifa. Hilo halipingwi. Linalopingwa ni kudhani kwamba jina la kienyeji ni pambo tu. Jina ni maarifa yaliyofupishwa. Yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, huitwa papa potwe. Nako katika pwani ya Kenya huitwa papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake kama sarafu. Aliyetoa jina hilo alikuwa amemtazama samaki huyo kwa makini. Leo wataalamu humtambua papa potwe mmoja na mwingine kwa kupiga picha za madoa hayohayo.

Nitatoa mfano mdogo nilioushuhudia. Katika shule moja ya pwani wageni walichora samaki ukutani mwa darasa, wakapendeza sana, na chini ya kila mmoja wakaandika jina lake la Kiingereza. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, yule wa katikati ni samaki gani. Alilisoma jina la ukutani kwa taabu. Nikamwuliza nyumbani anaitwaje. Akacheka, akajibu, "Chewa, Mwalimu," kisha akanieleza bila kusita anavyojificha pangoni na chambo anachokipenda. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema alidhani nauliza samaki wa shuleni.

Katika jibu hilo lipo jambo zito. Mtoto yule alikuwa amekwisha kujifunza kwamba wako samaki wa aina mbili: wa nyumbani, ambao ni chakula, na wa shuleni, ambao ni elimu. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu elimu inayomfanya mwanafunzi aamini kuwa maarifa yenye thamani hupatikana vitabuni na kwa wasomi peke yao. Ukuta uliopakwa rangi kwa nia njema ulikuwa ukilirudia kosa hilohilo.

Mipaka ya mtungi

Kasoro ya pili ni ya mahali pa kutazamia. Mtungi wa hewa humpa binadamu uwezo wa ajabu, lakini pia humwekea mipaka. Mzamiaji anayeanza huruhusiwa kwenda hadi mita 18 hivi, naye hukaa chini kwa muda wa saa moja au pungufu. Hivyo macho yake yote huelekezwa kwenye ukingo wa mwamba, penye rangi nyingi na samaki wengi.

Lakini bahari ya wenyeji haikuishia hapo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na wanawake hutoka na vijiti na vikapu kuchokoa pweza na kuokota chaza. Wanajua tundu lipi lina pweza kwa kutazama maganda yaliyotupwa mlangoni. Sehemu hiyo haifai kuzamiwa, kwa kuwa maji hayafiki hata gotini. Ni kweli kwamba baadhi ya safari zilichunguza pia uvuvi na matumizi ya pwani. Hata hivyo, safari iliyojengwa juu ya mtungi huelekea kuona kina zaidi ya kipwa, na kumwona mwanamume mwenye mashua zaidi ya mwanamke mwenye kijiti. Hifadhi ikipangwa kwa macho hayo peke yake, wa kwanza kuumia ni yule ambaye hakuonekana.

Kazi za kijijini

Kasoro ya tatu imo katika ile sehemu iitwayo huduma kwa jamii. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii humheshimu mgeni, maana humfanya mwenzetu katika kazi. Lakini haikusema mgeni ajichagulie shamba. Kijana asiyesomea ualimu, akifundisha darasa kwa majuma manne kisha akaondoka, humwachia mwalimu wa darasa kazi ya kuunganisha uzi uliokatika. Ukuta waweza kupakwa na fundi wa kijijini, naye akapata ujira. Kazi ambayo kijiji hakikuiomba ni burudani ya mtendaji, hata kama jasho lake ni la kweli.

Mfano wa Chumbe

Je, iko njia nyingine? Iko, na si mbali. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, kuwa eneo la hifadhi chini ya usimamizi wa mradi binafsi. Huko nako walikuja watu wa kujitolea kutoka ng'ambo, hasa katika miaka ya mwanzo. Lakini walinzi wa mwamba walichaguliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakafundishwa, na wao ndio wakawa walimu wa wavuvi wenzao na wa wageni. Wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Hutazama kwa miwani ya maji huku wakielea juu.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba wanafunzi wa shule za Unguja na Pemba hupelekwa Chumbe pamoja na walimu wao. Wengi wao, hasa wasichana, wamekulia kisiwani bila kujifunza kuogelea. Hushikwa mkono, huvishwa boya, na kwa mara ya kwanza huweka uso majini na kuona kilicho chini ya bahari yao. Linganisha na kijana aliyesafiri maelfu ya kilomita akaujua mwamba wa Mafia kuliko mtoto aliyezaliwa Jibondo. Simlaumu kijana huyo. Nauliza tu kwa nini mtoto wa Jibondo asiwe kando yake.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuwafukuza wageni. Bahari inapata joto, samaki wanapungua, na mikono ya kusaidia bado inahitajika. Lakini nchi yenye Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar tangu mwaka 1978, na yenye wavuvi na wachokoaji pweza waliobobea, haipaswi kuwa mtazamaji katika dago lililopigwa ufukweni mwake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila safari iache ripoti kwa Kiswahili, isomwe katika mkutano wa kijiji kabla kambi haijang'olewa. Pili, kwa kila wageni wanaofundishwa kuzamia, afundishwe pia kijana wa mahali hapo, mvulana kwa msichana. Tatu, walimu wa pwani wasingoje safari yoyote. Waanze sasa na wanafunzi wao kuandika majina ya samaki, miamba, pepo na maji kutoka vinywani mwa wazee wa kiume na wa kike, pamoja na maelezo ya kila jina, kwani mzee akifariki huzikwa na majina yake.

Wazamiaji wana kanuni moja ambayo hufundishwa siku ya kwanza: hakuna anayezamia peke yake. Kila mmoja hupewa mwenzi, hukagua vifaa vya mwenziwe, na huulizana naye kwa ishara ya mkono ni hewa kiasi gani iliyobaki. Kanuni hiyo ni njema. Tunalowaomba wageni wetu ni kuipandisha nayo juu wanapotoka majini, na kuwa mwenzi wa mwenyeji nchi kavu pia.