Kamba Anapokufa Ghafla: Vigezo vya Uchunguzi Mzuri wa Tangi la Maji Chumvi

Katika tangi dogo la maji chumvi, la lita 20 hadi 100, kamba hufa kabla ya samaki. Sumu kidogo au badiliko la chumvi ambalo samaki hulivumilia laweza kummaliza kamba kwa usiku mmoja, na asubuhi mfugaji akakuta maji maangavu, samaki wazima, na kamba amelala ubavu. Ustadi wa mfugaji huonekana hapo. Mbahatishaji hukimbilia chupa ya dawa. Mjuzi hutazama nani amekufa, nani amebaki, na nini kilifanyika nyumbani siku mbili tatu kabla.

Lakini kwanza ithibitike kwamba kweli kuna maiti. Kamba hujivua gamba kila baada ya wiki chache, na gamba analoliacha lina miguu na vipapasio vyake vyote, kiasi kwamba wageni wa kazi hii huliombolezea. Gamba ni tupu, jepesi, hupenyeza mwanga, na limepasuka pale kichwa kinapoungana na mkia. Maiti ina nyama ndani: imegeuka nyeupe kama maziwa au ya waridi, na haichukui muda kunuka. Mwenye gamba lililoachwa huwa amejificha nyuma ya jiwe kwa siku moja au mbili mpaka gamba jipya lishike ugumu. Ikiwa ni maiti, itolewe mara moja, kwa kuwa kwenye joto la pwani nyama huoza kwa saa chache na kuongeza amonia katika maji ambayo tayari yana tatizo.

Anayefugwa sana ni kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mgongo mwekundu unaopitiwa na mstari mweupe na vipapasio virefu vyeupe. Hupatikana katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, na pwani ya Kenya hukusanywa kwa ajili ya soko la nje la viumbe wa mapambo. Akitunzwa vizuri huishi miaka miwili au mitatu, hivyo mmoja aliyezeeka akifa peke yake si msiba wa kuchunguzwa. Wakifa wawili watatu kwa pamoja, iko sababu.

Ushahidi bora kuliko kipimo chochote cha dukani ni orodha ya walionusurika. Wakifa kamba, kaa na kopepodi (vile vidoa vyeupe vinavyotembea kwenye kioo), huku konokono wakiendelea kutambaa kama kawaida, shuku dawa ya wadudu. Wakiathirika kamba pamoja na konokono, samaki wakawa salama, shuku shaba. Samaki wakitweta juu ya maji na kamba wakapanda karibu na uso, hewa imepungua. Akifa kamba mgeni peke yake ndani ya siku moja au mbili, wenyeji wakabaki, kosa liko katika namna alivyoingizwa. Mpangilio huu si sheria isiyovunjika, ila mchunguzi asiyeutaja kabisa anabahatisha, hata kama ana vifaa vya bei ghali.

Dawa ya wadudu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na katika nchi zenye mbu ilipaswa kuwa swali la kwanza. Kamba na wadudu ni wa kundi moja la viumbe wenye miguu ya viungo, na dawa za jamii ya pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu ya wote. Dawa hizo zimo katika makopo ya kupulizia mbu, katika dawa za kuchoma, katika vyandarua vyenye viuatilifu, na katika baadhi ya dawa za viroboto wanazopakwa mbwa. Kiasi kisichofika hata mikrogramu moja kwa lita chaweza kuua. Njia ya kuingilia ni mbili hasa: mkono ulioshika chandarua kipya au mbwa kisha ukatiwa ndani ya tangi, na pampu ya hewa. Pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji usiku kucha, kwa hiyo kufunika tangi kwa kitambaa wakati wa kupuliza dawa hakusaidii ikiwa pampu inaendelea kufanya kazi chumbani humo humo. Kamba aliyepata sumu hii hushtukashtuka, huanguka chali na kupiga miguu kwa muda kabla ya kutulia. Vifaa vya kawaida vya kupimia maji haviionyeshi. Kinachoionyesha ni maswali: nani amepuliza dawa, lini, jirani je, nyumba ilipuliziwa dawa ya ukoko wiki hii? Mchunguzi anayeona aibu kuuliza maswali hayo atapima amonia mara kumi na kuondoka bila jibu.

Shaba ina historia tofauti. Dawa nyingi za kutibu vimelea vya samaki wa baharini zina shaba, na mrututu wenyewe hutumika. Kiwango cha miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita humwacha samaki hai na kuua vimelea, lakini kwa kamba ni hukumu ya kifo. Ni kweli kwamba damu ya kamba hubeba hewa kwa protini yenye shaba, lakini hilo halimkingi na shaba iliyozidi majini. Ubaya wa shaba ni kwamba hushikamana na mawe ya chokaa na mchanga, kisha huachiliwa kidogo kidogo kwa miezi. Kwa sababu hiyo tangi la mtumba lililowahi kutibiwa samaki laweza kuua kamba muda mrefu baada ya kuoshwa. Vyanzo vingine ni viungio vya shaba nyeupe kwenye mabomba na sumaku iliyopasuka ikashika kutu, ambayo huachilia metali nyingine pia. Hapa kipimo kinasaidia, nacho kiwe cha shaba hasa, si mkanda wa rangi unaodai kupima kila kitu.

Chumvi inahitaji hesabu, na hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini tangi dogo ni gumu kuliko kubwa. Bahari ina chumvi ya karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Tangi la lita 40 likipoteza lita 2 kwa mvuke, chumvi haipotei, kwa hiyo kiwango hupanda hadi karibu 36.8. Katika tangi la lita 400 upotevu huo huo hauonekani. Maji yaliyopotea hujazwa kwa maji baridi yaliyochujwa, kidogo kidogo, kila siku. Anayejaza kwa maji chumvi huongeza kiwango kila wiki, na anayemimina lita 2 za maji baridi kwa mkupuo humshtua kamba kwa upande wa pili. Kipimo chenyewe kihojiwe: haidromita ya mshale hudanganya kiputo cha hewa kikiushika mshale, na rifraktomita isahihishwe kwa kimiminika cha 35, si kwa maji matupu peke yake.

Wanaochota maji baharini wana jambo lao. Maji mazuri huchotwa maji yakijaa, mbali na midomo ya mito na vijito, na si baada ya mvua kubwa. Karibu na Malindi, kwa mfano, Mto Sabaki humwaga matope na maji baridi kwa wingi wakati wa masika, na maji yanayoonekana ya bahari yanaweza kuwa pungufu ya chumvi.

Kumwingiza kamba mgeni ndiko kunakotenganisha mafundi. Maduka mengi hufuga samaki kwenye chumvi iliyopunguzwa, na tofauti hiyo isipozibwa polepole, kwa kudondoshea maji ya tangi kwa muda wa saa moja au mbili, kamba hufa siku ya pili bila dalili nyingine. Ila kwa kamba aliyesafiri usiku kucha ndani ya mfuko, kudondoshea ndani ya mfuko ule ule ni hatari. Hewa chafu ya mfuko hushusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Mfuko ukifunguliwa, pH hupanda na amonia hugeuka sumu. Fundi huandaa chombo cha maji safi yenye chumvi sawa na ya mfuko, humhamisha kamba mara moja, kisha hupandisha chumvi humo.

Upungufu wa hewa hauna mafumbo: maji chumvi ya nyuzi 30 hubeba hewa kidogo, umeme ukikatika usiku hali huwa mbaya, na pampu ya betri ni kinga tosha. Kuhusu iodini, ambayo wauzaji huisifu kwa kujivua gamba, ushahidi wa kwamba tangi lenye maji yanayobadilishwa linaihitaji ni mdogo, na ikizidi huua. Isimiminwe bila kupimwa.

Tiba nzuri inaendana na uchunguzi mzuri. Hubadilishwa robo ya maji kwa maji yenye chumvi na joto lile lile, huwekwa mkaa maalumu wa kuchujia mpya, huondolewa chanzo, kisha husubiriwa. Kila chupa inayoongezwa wakati chanzo hakijajulikana huharibu ushahidi.

Kamba wa badala asinunuliwe mpaka kopepodi warudi kwenye kioo na konokono waendelee kula kwa wiki kadhaa bila kujifungia. Akinunuliwa, awe na vipapasio vizima, akimbilie chakula, na atoke kwenye tangi lisilochangia maji na samaki wanaotibiwa kwa shaba. Muuzaji asiyeweza kutaja kiwango cha chumvi cha tangi lake hafai kununuliwa kamba.