Umbea Uliopitia New Delhi

Julai 1983, gazeti la Patriot la New Delhi lilichapa barua isiyo na jina. Mwandishi alijiita mwanasayansi maarufu wa Marekani, na alidai kwamba UKIMWI umetengenezwa na jeshi la nchi yake huko Fort Detrick, Maryland. Barua ikalala zaidi ya miaka miwili.

Oktoba 1985 ikaamshwa Moscow na Literaturnaya Gazeta, lililotaja chanzo chake: gazeti la India. Ufundi wote uko hapo. Patriot lilianzishwa kwa msaada wa Wasovieti wenyewe, na nyuma ya mchezo huo walikuwa majasusi wa KGB. Ni kama mtu anayemnong'oneza jirani umbea asubuhi, halafu jioni anafika barazani na kusema, "Mwenzenu nimeusikia kwa jirani."

Umbea ukahitaji msomi. Akapatikana Jakob Segal, mwanabiofizikia mstaafu wa Berlin Mashariki, aliyeeleza kwamba kirusi cha UKIMWI kimeungwa maabara kutokana na kirusi cha kondoo na kingine cha binadamu. Mwaka 1986 kijitabu chake kiligawiwa Harare, kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Waafrika walikuwa wamechoka kunyooshewa kidole kuwa ndio waliouleta ugonjwa. Kijitabu kikawaambia, si ninyi. Nani asingependa kusikia hivyo?

Tena uongo huo ulikuwa na ukweli wa kuegemea. Fort Detrick ilitafiti kweli silaha za vijidudu hadi Rais Nixon alipopiga marufuku mwaka 1969. Na huko Tuskegee, watu weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba hadi 1972, eti kwa utafiti. Mpishi mwenyewe alikuwa Moscow, lakini viungo vingi alivitoa Marekani.

Kufikia 1987 habari hiyo ilikuwa imezifikia nchi zaidi ya 80. Wamarekani walipotishia kusitisha ushirikiano wa utafiti wa UKIMWI, Moscow ikaanza kurudi nyuma. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba kazi ile ilikuwa ya KGB.

Segal alisema kirusi kilitengenezwa karibu na mwaka 1977. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati hakuna maabara duniani iliyojua kukata na kuunga jeni, ilikuja kupimwa ikakutwa na VVU.