Kwa nini kila boma la Turkana liliandikishwa

Oktoba 2013 wakazi wa Turkana Kusini waliandamana kudai ajira na zabuni, na kampuni ya Tullow Oil ikasimamisha kazi kwenye visima vya eneo la Lokichar. Mwaka huohuo, awamu ya pili ya HSNP, mpango wa kuzipa fedha kaya maskini, ilikuwa inaanza katika kaunti hiyohiyo: mpango ambao ungempa jirani mmoja fedha na kumruka mwingine. Vyanzo vya ugomvi vilikuwepo tele. Ndiyo maana muundo wa mpango huo unastahili kuchunguzwa.

Uamuzi uliobeba kila kitu ulikuwa mmoja. Badala ya kutafuta maskini tu, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) iliandikisha karibu kaya zote za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, zaidi ya 370,000. Zilizolipwa kila baada ya miezi miwili zilikuwa kaya 100,000 hivi, karibu 40,000 kati yao zikiwa Turkana, na malipo yalifika shilingi 5,400. Zilizosalia nazo zilikusudiwa kufunguliwa akaunti Equity Bank. Picha za setilaiti zilipoonyesha malisho yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, malipo yalizifikia baadhi yake pia.

Mradi hupingwa zaidi na aliyeachwa nje. Hapa aliyeachwa alibaki na sababu ya kutaka jina lake liwe sahihi, kwa kuwa ukame ungeweza kumwingiza kwenye orodha ya malipo. Chifu hakubaki mlango pekee wa kuandikishwa. Benki ilipata wateja wengi kwa mpigo, na mwenye duka aliyekuwa wakala wa benki hiyo alipata kamisheni pamoja na wanunuzi siku ya malipo. Kila mmoja aliona fungu lake ndani ya muundo wenyewe, na hilo lina nguvu kuliko vikao kumi vya uhamasishaji.

Palipovuja ni kwa mdau asiye na fungu. Akaunti haifunguliwi bila kitambulisho, na wafugaji wengi hawakuwa nacho. Ofisi inayokitoa iko chini ya wizara nyingine, kwa hiyo kasi yake haikuwa mikononi mwa NDMA. Mtu akawa ameandikishwa, ana haki, lakini halipwi.

Kasoro ya pili naiona nzito zaidi. Kaya zilichaguliwa kwa kuunganisha maoni ya jamii na alama za umaskini zilizokokotolewa na kompyuta. Maoni yalisikika barazani. Hesabu ya alama haikueleweka, na wengi hawakuweza kusema kwa nini jirani kapata na wao wamekosa. Tena taarifa huzeeka: mifugo hufa, watoto huoa na kuanzisha boma lao, orodha inabaki ileile. Awamu ya kwanza ilikuwa na kamati za haki vijijini, zikisimamiwa na HelpAge, kupokea malalamiko. Kamati za namna hiyo ndizo zingepaswa kupewa kazi ya kuhuisha taarifa kila msimu, na kulipwa kwa kazi hiyo kama wakala anavyolipwa kwa yake.