Kuunga Kayaki ya Plastiki Iliyopasuka

Aghalabu watu hudhani kwamba kayaki ya plastiki haifi, kwa kuwa huburutwa juu ya changarawe, hugongwa miambani na kuachwa juani mwaka mzima bila ya kulalamika. Na kwa dhana hiyo hiyo, siku ipasukapo, huhesabiwa kuwa imekwisha, ikatupwa nyuma ya banda na kuwa makao ya mbu. Kayaki ninayotaka kuichambua hapa, ya manjano, ya namna ile ambayo mpigaji kafi huketi juu yake wala si ndani, ilikuwa ya hoteli moja ya pwani ya Kilifi, nayo ilikuwa na ufa wa urefu wa shibiri ulioanzia kwenye tundu la kutolea maji chini ya kiti ukaelekea nyuma. Ilikwisha kutibiwa kwa silikoni, kisha kwa gundi ya faibaglasi, na dawa zote mbili zilibanduka nzima nzima kama gaga la kidonda kilichopona, ila kidonda chenyewe hakikupona. Aliyeiponya ni fundi wa kuziba matangi ya maji, ambaye hakupata kupanda kayaki maishani mwake.

Sababu ya gundi kushindwa imo katika asili ya kitu chenyewe. Polithini, ambayo wanakemia Reginald Gibson na Eric Fawcett waliipata bila ya kuikusudia mwaka 1933 huko Uingereza, ni jamii ya nta. Ngozi yake hukataa maji, rangi na gundi kwa tabia moja. Kayaki za faibaglasi zilizotangulia zilikubali gundi kwa sababu zenyewe zilikuwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na ustadi uliofaa kwa zile ukahamishiwa kwa hizi pasipo kuulizwa kama wafaa. Kayaki ya polithini hutengenezwa kwa kutia unga wa plastiki ndani ya kalibu ya chuma, ambayo hupashwa moto huku ikizungushwa pande zote mpaka unga ukayeyuka na kushika kuta zake kwa unene wa milimita chache. Matangi meusi ya maji tuyaonayo juu ya mapaa ya nyumba huzaliwa vivyo hivyo, na kwa hiyo fundi wa matangi hakuwa mgeni wa kazi.

Kabla ya kushika chombo chochote alikwangua unyoya wa plastiki kutoka ukingoni mwa tundu, akautia majini, ukaelea. Akauwasha, ukadondoka matone yenye harufu ya mshumaa uliozimwa. Jaribio hili si mchezo. Plastiki za jamii nyingine nyingi zingezama, na iko polithini ambayo chembe zake zimefungamanishwa kiwandani hata haiyeyuki tena kamwe, bali huungua ikawa makaa. Kuilehemu hiyo ni kupoteza siku.

Kisha akautafuta mwisho wa ufa, na hapa ndipo nilipomheshimu, kwa maana ufa uonekanao kwa macho sio ufa wote. Alipaka wino, akaufuta kwa kitambaa, kisha akaukunja ubavu kwa kiganja mpaka mstari mwembamba wa buluu ukajidhihirisha, umepita mbele ya pale tulipodhani umekoma. Mwisho huo akautoboa kwa kekee tundu dogo la milimita 3 au 4, kwa kuwa nguvu zote za mpasuko hukusanyika kwenye ncha kali, na ncha ikifanywa duara nguvu hizo hutawanyika. Asiyetoboa tundu hilo ataunga leo, na kesho ufa utaendelea na safari yake kando ya kiungo.

Kingo za ufa alizichonga zikawa mfereji, akapara ngozi yote iliyochakazwa na jua mpaka plastiki mpya ikang'aa, akaifuta kwa spiriti. Kiraka kilitoka katika tangi kuukuu, vipande vyembamba kama ufito. Akapuliza hewa ya moto juu ya ufito na juu ya kayaki kwa pamoja, akingoja ngozi ya vyote viwili ianze kumeremeta kana kwamba imelowa, ndipo akaukandamiza ufito mferejini kwa pasi ya kulehemu. Neno la kuangaliwa ni hilo "kwa pamoja": ufito ulioyeyuka ukimwagwa juu ya plastiki baridi hulala tu juu yake, na ukucha waweza kuung'oa, na moto ukizidi, moshi ukatoka na rangi ikageuka hudhurungi, plastiki imekwisha kuungua na haitafaa. Kwa upande wa ndani, alipofikia kwa kupitia mlango wa kuhifadhia mizigo, alizika wavu wa chuma kisichoshika kutu, akaufunika wote kwa plastiki. Hakuimwagia kayaki maji ili kuipoza. Aliiacha ipoe yenyewe. Kisha akaijaza maji ndani, tukatazama nje kama kuna chozi. Halikutoka.

Wenye hoteli walilalamika kwamba kovu jeusi juu ya manjano halipendezi. Mimi sioni taksiri yake, kwa kuwa masizi yaliyotiwa katika plastiki ya matangi ndiyo yaikingayo na jua, na huenda kovu likaishi kuliko mwili.

Gundi nayo ina mahali pake, hasa kwa ile polithini isiyoyeyuka, lakini kwa sharti moja: ngozi ipitiwe upesi na ncha ya mwali wa buluu mpaka tone la maji likiwekwa juu yake litandae badala ya kujikunja, na hapo epoksi yenye unyumbufu hushika.

Walakini chanzo cha ufa kilikuwa kigari cha magurudumu mawili ambacho vigingi vyake hupenyezwa katika matundu ya kutolea maji, uzito wote wa chombo ukategemea kingo mbili nyembamba ambazo hazikukusudiwa kubeba kitu. Kigari chenye mikanda ya kulaza chombo kingeondoa balaa hii, na kivuli cha makuti kingeondoa nyingine, kwani plastiki iliyokwisha kuwa chokaa na kupasuka pasuka kila mahali haina fundi. Ama hii iliyoungwa, naipitisha kwa maji ya ndani ya mwamba. Kwa maporomoko ya Nile pale Jinja siipitishi, maana kiungo, hata kikiwa kizuri namna gani, hakina nguvu za plastiki isiyopata kupasuka.