Pai ya ndimu juu ya mbabula

Kwa jiko la Mokambo, hapa mpakani na Zambia, pai ya kuchagua ni ile ya visiwa vya kusini mwa Florida, Marekani. Ilizaliwa mahali ambapo maziwa mabichi na barafu vilikuwa adimu, baada ya Gail Borden kupata hataza ya maziwa mazito ya kopo mwaka 1856. Tunda lake nalo si geni: ni ndimu ileile ndogo, yenye ganda jembamba na mbegu nyingi, inayokamuliwa juu ya samaki pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kazi kubwa humu haifanywi na moto. Maziwa yana protini iitwayo kazeini, ambayo vijichembe vyake husukumana visigusane. Maji ya ndimu, yenye pH ya karibu 2, huua msukumano huo; pH ya mchanganyiko ikishuka kuelekea 4.6, kazeini hushikana. Koroga na utaona rojo likikaza bakulini kabla halijaonja joto. Maziwa mabichi yangekatika mabonge. Haya ya kopo, mazito kwa sukari, hugeuka malai laini.

Kwa hiyo kipimo hakina mchezo: kopo la gramu 397, viini vinne, maji ya ndimu mililita 120. Ukipunguza ndimu ili watoto wasikunje uso, umepunguza pia kinachogandisha, na pai itamwagika mbele ya kisu. Kamulia kwenye bakuli la kioo au plastiki, maana asidi hula alumini ya sufuria na kuacha ladha ya chuma. Ganda kwaruza ule ukijani tu. Weupe wa chini yake ni mchungu.

Kitako ni biskuti zilizopondwa na margarini iliyoyeyushwa. Basi.

Moto unabakiwa na viini, kwani asidi haitoshi kuviondolea hatari ya mayai mabichi. Hapo ndipo mbabula husumbua: joto lake lote latoka chini, nalo huunguza biskuti huku uso ukiwa bado maji. Dawa wanaijua wapishi wa wali: palia. Weka mawe matatu ndani ya sufuria kubwa, tandika chombo cha pai juu yake, funika, kisha hamishia makala mengi kwenye kifuniko na uache machache chini. Robo saa hivi hutosha. Kingo zikiwa zimekaza na katikati kukitikisika kidogo, epua. Ukingoja katikati pakauke, mayai yatakaza kupita kiasi na uso utapasuka. Iache ipoe kabisa kabla ya kukata, maana ikiwa moto bado haijamaliza kushikana.

Wengine hupamba kwa povu la ute wa mayai. Mimi siliweki: makala ya kifuniko huliunguza upande mmoja na kuliacha bichi upande wa pili. Ute huo ukaangwe na vitunguu.